Macho Sita ya Verlie Zwar

Nyuma ya barabara ya North Terrace, mjini Adelaide, kulikuwa na jengo la matofali mekundu, na ndani yake alikuwemo mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuchora macho. Hakuwa msanii, wala hakuwa daktari. Jina lake Verlie Zwar, na macho aliyoyachora yalikuwa madogo kiasi kwamba elfu moja yao yangeenea juu ya ukucha wa kidole cha mwisho na nafasi ikabaki.

Verlie hakupenda nafasi ibaki. Alizaliwa katika Bonde la Barossa, nchi ya mizabibu, kwa Wajerumani wa zamani waliokuja na Biblia zao na vipandikizi vyao, watu ambao hawakutupa kitu. Mama yake alishona mablanketi kwa mabaki ya nguo: shati la baba lililochanika kiwiko, gauni la ubatizo, pazia lililoliwa na jua. Kipande kilichozidi hakikuachwa kiende jalalani. Kilitafutiwa pembe. Verlie alikulia chini ya mablanketi hayo, na alipokuwa mtu mzima aliishika dunia kwa namna hiyo hiyo: kila pembe ina kazi yake, ukiipa nafasi.

Kwa miaka mingi alikuwa mchoraji wa ramani za barabara serikalini. Kompyuta zilipokuja, ofisi ya wachoraji ilifungwa, naye akabaki na kalamu zake na umri wa miaka arobaini na kitu. Ndipo alipoona tangazo: chuo kikuu kinamtafuta mtu mwenye mkono uliotulia. Aliyemhoji alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nywele fupi za mvi na koti lililochafuka chavua. Hakumuuliza vyeti. Alimsogezea hadubini iliyokuwa na bawa la nzi chini yake, akampa karatasi.

"Chora," alisema.

Verlie alichora. Yule mwanamke akaitazama karatasi, akalitazama bawa, akaitazama tena karatasi.

"Umeuchora hadi mshipa uliovunjika."

"Si umevunjika?"

"Umevunjika, ndiyo. Watatu waliokutangulia waliuunganisha." Akanyoosha mkono. "Joss Trezise. Jumatatu uje na sandwichi yako, kantini ya hapa itakuua."

Hivyo ndivyo walivyojuana, na urafiki wao haukuwa na makeke zaidi ya hapo. Daktari Jocelyn Trezise alikuwa mtu wa Moonta, mjukuu wa wachimba shaba waliotoka Cornwall. "Babu zangu walichimba gizani," alipenda kusema, "na mimi nachimba kichwani mwa nzi. Kwetu hatujawahi kupata kazi ya juani." Mchana walikaa pamoja kwenye benchi karibu na vichaka vya mrujuani, wakila mikate yenye fritz, ile nyama laini ya vipande wanayoipenda watu wa huko, na sosi ya nyanya, huku Joss akiwa na wavu wake magotini. Alikuwa akiwatega nzi wa maua.

Nzi huyo ana mistari ya njano kama nyigu, lakini hana mwiba. Dume lake husimama hewani juu ya kichaka chake kana kwamba limetundikwa kwa uzi. Upepo ukilisukuma, hurudi palepale. Majani yote yakitikisika nyuma, na doa moja tu jeusi likipita katikati ya fujo ile, nzi huliona doa na kulifuata kama mshale. Ubongo wake hauzidi punje ya ulezi. Joss alitaka kujua hufanyaje. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akiingiza sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, ndani ya mshipa mmoja wa fahamu wa nzi, akiuunganisha na spika, kisha akizungusha mbele ya macho ya nzi kopo la kahawa alilolibandika mistari meusi na meupe tangu alipokuwa mwanafunzi. Kopo likienda kulia, spika ililia: ta, ta, tatatatata, kama mvua ya mawe juu ya bati. Likienda kushoto, kimya.

"Sikiliza," alimwambia Verlie siku ya kwanza. "Jicho la nzi ni macho madogo mengi, na kila jicho dogo lina jirani. Kitu kikipita mbele ya jicho la kwanza, jicho hilo humtumia jirani yake salamu: kinakuja. Lakini salamu yenyewe inatembea polepole. Kitu kikifika kwa jirani sawia na salamu, wote wawili wanapiga kelele. Kikija kwa upande mwingine, salamu inakikosa, basi hakuna kelele. Umeelewa?"

"Ni kama umbea wa kijijini kwetu."

"Ni umbea hasa! Umbea wenye mwelekeo."

Kazi ya jengo lile ilikuwa kuujenga umbea huo ndani ya silikoni: kutengeneza chipu ambayo haipigi picha kama kamera, bali inaona mwendo kama nzi, kwa umeme mdogo sana. Joss alileta siri za nzi. Mhandisi Thanh Quach, kijana wa wazazi Wavietinamu waliolima matango kule Virginia, kaskazini ya mji, alizigeuza siri hizo kuwa hesabu na saketi. Verlie alizichora, tabaka juu ya tabaka, kila waya mahali pake. Chipu tatu za kwanza walizotengeneza ziliona kidogo tu, kwa mwanga wa taa kali, na zilichanganyikiwa majani yakitikisika. Walijua ya nne itakuwa tofauti. Thanh alikuwa amepata kiwanda kipya ng'ambo, chenye ufundi wa kuchora nyaya nyembamba zaidi, na kwa mara ya kwanza kila jicho lingeweza kuwa na jirani zake wote.

Katikati ya mchoro huo Joss akaugua saratani ya kongosho.

Hakuzunguka. Aliwaambia wote wawili kwenye benchi, wavu ukiwa magotini. Madaktari walikuwa wamempa hadi majira ya baridi, labda na kidogo juu yake. Thanh alianza kusema jambo kuhusu tiba mpya aliyoisoma mahali.

"Thanh, mwanangu, nyamaza," Joss alisema kwa upole. "Mimi nataka kitu kimoja. Nimewasikia nzi miaka yote hii. Nataka nimsikie huyu wenu kabla sijaondoka. Nijue kama ndiye."

"Kama ndiye nani?" Verlie aliuliza.

"Kama ndiye yule yule. Mashine nyingi zinaona, Verlie. Nataka nijue kama nilichokisikia miaka yote ni kitu cha kweli, au ni kelele tu ya wadudu niliowaua bure."

Tangu siku hiyo Verlie hakuchora kwa ajili ya chuo. Alichora kwa ajili ya masikio ya mtu mmoja.

Sasa, kuna jambo moja la kazi hii ambalo sharti lielezwe, kwa kuwa ndilo lililowaponza. Chipu ni kama nyumba ya ghorofa. Chini kabisa iko silikoni, na hapo ndipo mwanga hupokelewa. Juu yake zinapita nyaya za metali, ghorofa baada ya ghorofa. Palipo na jicho, mchoraji huzipitisha nyaya pembeni na kuacha uwazi, kama ua katikati ya nyumba, ili mwanga ushuke hadi chini. Kiwanda nacho husugua kila ghorofa iwe bapa kabla ya kujenga inayofuata. Mahali pasipo na metali panabonyea, kama godoro lililolaliwa upande mmoja. Kwa hiyo kiwanda kipya kilikuwa na utaratibu wake: popote palipo patupu, mashine zao hupajaza vigae vidogo vya metali, zenyewe, bila kuuliza. Asiyetaka vigae mahali fulani, achore mpaka wa kuvikataza.

Verlie aliisoma sheria hiyo, tena kwa makini. Mara moja akafikiria nzi wake.

Wachoraji wa chipu wana desturi ya kuacha alama pembeni mwa mchoro: jina, ua, mnyama, kitu ambacho hakuna atakayekiona pasipo hadubini. Verlie kila mara alichora nzi wa maua aliyesimama hewani. Safari hii alimchora kwa ajili ya Joss, na mishipa yote ya bawa, pamoja na ule uliovunjika. Hakutaka kiwanda kimwage vigae juu yake. Akauchora mpaka kuizunguka pembe nzima, mpana kuliko ulivyohitajika. Na kwa kuwa hakupenda kuacha nafasi ibaki, katika ukanda uliosalia kando ya picha alipanga safu moja ya macho ya akiba, macho sita, pamoja na nyaya zao za kutokea nje, kama yangehitajika siku moja kwa majaribio.

Juu ya macho yenyewe, yale elfu moja ya katikati, hakuchora mpaka wowote. Haikumjia. Angewezaje kuona utupu pale? Kwake pale palijaa mwanga. Ndipo mahali pekee katika mchoro mzima palipokuwa na kazi ya maana. Thanh naye aliupitia mchoro wote, programu ya ukaguzi ikasema hakuna kosa, akaidhinisha. Siku ya kuutuma walikula keki za chura, zile za sukari ya kijani zenye mdomo wazi, kama walivyofanya kila mara. Joss alikula kichwa tu cha chura wake. Mwili alimwachia Thanh.

Chipu zilirudi mwezi Juni, mvua za baridi zikipiga madirisha. Joss alikuwa keshahamia katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, chini ya vilima. Thanh alipachika chipu ya kwanza juu ya ubao, akafunga lenzi, akawasha taa. Desturi ni kwamba aliyechora ndiye hupitisha mkono wa kwanza. Verlie akapitisha mkono wake mbele ya lenzi.

Hakuna kitu. Mstari wa kijani kwenye kioo cha kipimo ulilala kama maji ya bwawa.

"Pitisha tena."

Akapitisha.

"Polepole kidogo."

"Thanh, nimepunga mkono kama malkia. Angalia umeme wako."

Umeme ulikuwa sawa. Nyaya zilikuwa sawa. Walibadilisha chipu, wakabadilisha tena. Thanh aliileta taa karibu hadi lenzi ikapata moto. Mwishowe Verlie aliitoa lenzi, akaiweka chipu chini ya hadubini, akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya puani kama alivyozoea, akatazama.

"Umeona nini?" Thanh aliuliza.

Verlie akasogea pembeni ili Thanh aone mwenyewe.

Vigae. Vigae vidogo vya mraba, vinavyong'aa, vimepangwa sawasawa na kwa adabu juu ya kila jicho, ghorofa baada ya ghorofa, hadi mwanga usingeweza kupenya hata kwa bahati. Kiwanda kilikuwa kimefanya kile kilichosema kitafanya. Kilipaona mahali pasipo na metali, kikapajaza.

"Mpaka," Verlie alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikuchora mpaka juu ya macho. Ni mimi."

"Niliidhinisha mimi."

"Wewe uliangalia nilichokichora. Mimi ndiye niliyeacha."

"Dada Verlie, tukianza kugawana lawama tutakesha." Thanh aliketi juu ya meza, viganja usoni. Kutengeneza upya kungechukua miezi, na miezi ilikuwa ndiyo kitu ambacho Joss hakuwa nacho. Wote wawili walilijua hilo. Thanh alisema, bila kuinua uso: "Tumwambie mzigo umechelewa. Forodhani. Kila mtu anajua forodha ilivyo. Atasubiri kwa matumaini, na matumaini hayamuumizi mtu."

"Atasubiri hadi afe."

"Ndiyo. Akiwa na matumaini."

Verlie alivaa koti lake. Njia nzima, kwenye basi, aliyafikiria maneno ya Thanh, na hakuyaona kuwa mabaya. Aliyaona kuwa ya huruma. Alipofika kwenye mlango wa chumba alikuwa bado hajakata shauri. Joss alikuwa ameketi akiegemea mito, amekonda kiasi kwamba koti lake la chavua, alilokataa kulivua, lilionekana limetundikwa msumarini.

"Zimefika," Joss alisema kabla hajasalimiwa.

"Nani kakwambia?"

"Uso wako. Mwenye macho haambiwi tazama. Haya, sema."

Basi Verlie akasema. Alisema yote, vigae na mpaka na mkono alioupunga mbele ya taa, akisimama katikati ya chumba na mkoba wake mkononi kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Alipomaliza, Joss alikuwa amefumba macho. Mabega yake yalitetemeka. Verlie alidhani analia, akapiga hatua mbele, kisha akatambua kuwa rafiki yake anacheka, kicheko kisicho na pumzi ya kutosha.

"Mtoto wa jicho!" Joss alisema. "Mtoto kazaliwa na mtoto wa jicho! Macho elfu, na mmeyaziba yote! Loo, shosti."

"Usinichekee, Joss. Nimekunyima kitu kimoja ulichokiomba."

Joss akaacha kucheka. Alimnyooshea mkono, akamketisha kitandani. Nje, mvua ilikuwa ikitiririka juu ya majani ya mikaratusi.

"Nimewatia sindano nzi zaidi ya elfu nne," Joss alisema. "Unajua wangapi walilia kwenye spika? Mia, labda, na ushee. Wengine niliwaua kwa mkono wangu mzito, na hakuna aliyeniuliza. Wewe umeharibu kipande cha silikoni, ambayo ni mchanga tu." Akakohoa. "Na yule wa pembeni je? Nzi wangu. Naye kafunikwa?"

"Sikumwangalia."

"Umekuja huku bila kumwangalia? Umenichorea picha, hujui hata kama imetoka?"

"Sikuwa na moyo, Joss."

"Kesho umwangalie. Uniambie kama bawa limetoka."

Asubuhi yake Verlie alimwangalia, kwa sababu tu ameombwa. Aliisogeza chipu chini ya hadubini kutoka katikati hadi pembeni, akivivuka vigae safu kwa safu na moyo ukiwa mzito, mpaka akaufikia mpaka wake. Hapo vigae vilikoma kama shamba linavyokoma kwenye ua. Nzi alikuwa amesimama hewani, safi, na mshipa wa bawa umevunjika palepale ulipopaswa. Verlie akamtazama kwa uchungu: kapambo kake kamelindwa, na macho yameachwa. Ndipo alipoona, kando ya bawa, ndani ya mpaka ule mpana kuliko ulivyohitajika, vitundu sita vyeusi vilivyopangwa mstari mmoja. Vilikuwa vyeusi kwa sababu mwanga ulikuwa unaingia na haurudi.

Hakupiga kelele. Alimwita Thanh kwa sauti ya kawaida, lakini Thanh alikuja mbio.

"Sita," Thanh alisema, jicho kwenye hadubini. "Sita tu. Lakini yako mstari mmoja. Yana majirani." Akainua kichwa. "Umbea unahitaji watu wawili tu."

"Nyaya zao zimechorwa hadi ukingoni. Hazijaunganishwa na kitu."

"Basi ziunganishwe."

Chini ya ngazi kulikuwa na mashine ya kushonea nyaya za chipu, kuukuu, yenye sindano na uzi wa dhahabu usioonekana kwa macho matupu. Verlie alikuwa amejifunza kuitumia miaka iliyopita na hakuipenda, kwa sababu kosa moja la mkono huchubua chipu na hakuna wa kuliziba. Chipu zilizobaki nzima, baada ya majaribio yao ya papara ya jana na lenzi ile ya moto, zilikuwa mbili. Ya kwanza aliiharibu. Uzi uliteleza, ukavuta, ukang'oa ukingo mzima. Thanh, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alifungua mdomo.

"Nenda kanunue kahawa," Verlie alisema bila kugeuka.

"Sina haja ya kaha..."

"Thanh. Nenda."

Alipobaki peke yake alivua miwani zote, akayafuta macho yake, akazivaa tena. Aliweka viwiko mezani kama mama yake alivyoweka alipokuwa akishona mshono wa mwisho wa blanketi, ule unaoshika vipande vyote. Alishusha sindano. Uzi ulishika. Akauvuta katika upinde mdogo, akaushusha upande wa pili. Ukashika. Kisha wa pili, na wa tatu, hadi wa mwisho. Thanh aliporudi na vikombe viwili vilivyokwisha kupoa, alimkuta ameketi na mikono mapajani, naye akainama juu ya hadubini. Alitazama mwenyewe.

Hawakuijaribu pale. Thanh alitaka, Verlie akakataa. "Aliomba amsikie," alisema. "Hakuomba sisi tumsikie kwanza." Ulikuwa uamuzi wa kijinga kwa mhandisi yeyote, na Thanh alimwambia hivyo njia nzima ndani ya gari lake, huku Verlie amepakata ubao, betri, spika ndogo na kopo la kahawa la mistari walilolichukua kutoka rafu ya Joss.

Muuguzi aliyewafungulia alilitazama lile zigo. "Hicho kinalipuka?"

"Hapana."

"Kinapiga kelele?"

"Tunaomba Mungu kipige," Thanh alisema.

Waliviweka juu ya meza ya kulia chakula ya mgonjwa, ile inayovuka kitanda. Tangu jana Joss alikuwa amedhoofika zaidi na hakuweza tena kuketi vizuri, lakini akili yake ilikuwa timamu. Thanh alielekeza taa ya kusomea. Verlie akaliweka kopo mbele ya lenzi, na kabla hajalizungusha, aliuchukua mkono wa Joss, akauweka juu yake. Vidole vilikuwa baridi. Vililijua kopo lile.

Joss alilizungusha kushoto.

Kimya. Verlie aliisikia mvua, na mlango mahali fulani koridoni.

Joss alilizungusha kulia.

Ta. Ta, ta. Tatatatata.

Joss alilirudisha kushoto, kukawa kimya. Akalipeleka kulia, na mvua ile ya mawe ikaanguka tena, nyembamba, yenye mikwaruzo, ya macho sita tu badala ya elfu. Lakini ilikuwa na haraka ile ile mwanzoni na mpangilio ule ule, na Verlie, aliyekula mikate yake miaka yote karibu na sauti hiyo, aliitambua kama mtu anavyoitambua hatua ya ndugu yake kwenye ngazi.

"Tena," Joss alinong'ona. Mkono wake ulikuwa umechoka. Thanh akamsaidia kuzungusha, kulia, kulia, bila kukoma. Joss alifumba macho na kusikiliza, uso umekunjamana kidogo, uso wa kazini. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Hachoki," alisema.

"Nini?" Verlie aliuliza.

"Nzi wangu sasa hivi angekuwa amepunguza sauti. Ukimwonyesha jambo lile lile, anachoka nalo. Huyu wenu anapiga kelele vile vile tu, kama kuku aliyetaga."

Verlie akamwinamia. "Kwa hiyo siye?"

Joss alifumbua macho. "Ndiye," alisema. "Ndiye kabisa, Verlie. Ila hamkumfundisha kuchoka. Na mimi sikuwaambia, kwa sababu miaka yote nilidhani ni udhaifu, ni nzi anakufa mkononi mwangu. Sikuwa nimemsikia asiyechoka." Alipumzika, akavuta pumzi. "Kuchoka nako ni kazi ya jicho. Asiyechoka na la zamani hataliona jipya likipita. Thanh, umesikia?"

"Nimesikia, mama," Thanh alisema, na hakuwahi kumwita hivyo kabla.

"Basi mchore." Akaufumbata mkono wa Verlie. "Na bawa?"

"Limetoka. Na mshipa umevunjika."

Joss alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyejibiwa swali la mwisho. Aliomba wamwachie spika ikiwa wazi, kopo liwekwe dirishani, lenzi iitazame mikaratusi. Walipoondoka, upepo ulikuwa ukiyatikisa matawi, na macho sita yalikuwa yakilia kidogo kidogo, yakinyamaza, yakilia. Muuguzi alisimulia baadaye kwamba mgonjwa alikataa izimwe hadi betri ilipoisha.

Joss alifariki kabla milozi ya Willunga, kusini ya mji, haijachanua mwishoni mwa majira ya baridi. Alizikwa Moonta, karibu na wachimba shaba.

Verlie aliendelea kuchora kwa miaka mingine kadhaa. Chipu ya tano aliianza mwezi ule ule. Safari hii kila jicho lilikuwa na mpaka wake, macho yote elfu, na alipomaliza alirudi mwanzo akayapitia moja moja, akigusa kioo cha kompyuta kwa ncha ya penseli. Kando ya kila jicho aliongeza saketi ndogo ambayo Thanh aliisumbukia kwa wiki nyingi, ya kulifanya jicho lichoke. Pembeni alimchora nzi, kama ilivyo desturi. Nzi huyo hakumchorea mpaka.

"Watamfunika," Thanh alimwambia, akiinama juu ya bega lake.

"Najua. Aliyekuwa akimuulizia hayupo tena."

Zilipofika, alipitisha mkono mbele ya lenzi, na chipu ikalia, kisha taratibu ikapunguza sauti, ikanyamaza, ingawa mkono wake ulikuwa bado unapunga. Hapo ndipo Verlie aliposhusha miwani ya kichwani na kwenda kwenye hadubini. Macho yote yalikuwa wazi, meusi, yakimeza mwanga. Pembeni kabisa kulikuwa na vigae vilivyopangwa kwa adabu, na chini yake, kwa aliyejua pa kutazama, kivuli cha bawa.